Blanketi la mtoto halipandi daladala

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Gongo la Mboto na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo kila siku nina saa mbili hadi tatu ndani ya daladala. Mwezi wa tano nilianza kufuma blanketi la mtoto wa dada yangu, anayetarajia kujifungua huko Leicester, Uingereza. Natumia sindano mbili ndefu za chuma, vitanzi 180, na maua katikati. Nalibeba kila mahali: kwenye daladala, ofisini, hata kliniki nikimpeleka mama. Sasa imekuwa vurugu. Wiki iliyopita mkoba ulibanwa mlangoni, sindano ikachomoka, vitanzi kama arobaini vikafumuka. Upana nao haueleweki, kuna sehemu pana na sehemu imejibana. Mwenzangu ofisini anasema kufuma kwenye kikao ni dharau. Usiku vidole vinakufa ganzi. Na nikienda kumwona mtoto Desemba, nimeambiwa uwanja wa ndege watanipokonya sindano. Je, mikono yangu ni mizito, au niache tu kufuma nje ya nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo kwa sababu nilijiona mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilipanda basi kutoka Moshi kwenda Dar na donge la uzi mwekundu likaniponyoka kabla hatujafika Same. Nikajua liko miguuni pangu tu. Tuliposimama Mombo kula, abiria wa viti vya mbele wakashuka na uzi wangu. Mzee mmoja alifika mpaka kwa muuza mahindi ukiwa umemzunguka kifundo cha mguu, akageuka akauliza kwa upole kabisa, "Huu mtego ni wa nani?"

Mikono yako haina shida. Mtu anayeweza kufuma maua kwa sindano mbili, tena akiwa amebanwa dirishani foleni ya Tazara, hana mikono mizito. Kosa ni kwamba umeichukua kazi ya kukaa nyumbani ukaipandisha gari. Kazi ya njiani ina sharti moja ninalowaambia wanafunzi wangu wote: iweze kuachwa muda ule ule konda anaposema "shusha". Ukihitaji dakika mbili za kumaliza mstari, kuhesabu na kuchomeka kizibo, hiyo kazi ibaki kwenye kochi.

Tuanze na vitanzi vyako arobaini. Kufuma kwa sindano mbili maana yake kila kitanzi cha mstari mzima kiko wazi, kimeshikwa na sindano peke yake. Una vitanzi 180, basi una milango 180 isiyofungwa. Kila kitanzi ndicho kinachokishikilia cha chini yake, kwa hiyo sindano ikichomoka na nguo ikavutwa, cha juu kinaponyoka, cha chini yake kinakosa mwenyewe, na hivyo hivyo mpaka chini. Ndiyo ile ngazi unayoiona: vijiti vya uzi vilivyolala mlalo, kimoja juu ya kingine. Kroshia ni tofauti. Mshono ukishakamilika umejifunga, na wakati wowote kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilichoko kwenye ndoano ya sindano. Mkoba ukibanwa mlangoni, la kutisha sana ni kufumuka mishono miwili mitatu. Kivute kile kitanzi kimoja kiwe kirefu kama kidole, au kichomeke pini ya nepi, kisha tupa kila kitu mkobani ushuke.

Ndiyo maana, kwa daladala ya Dar, ushauri wangu ni kroshia. Nakuambia hivi mimi ambaye moyo wangu uko kwenye sindano mbili.

Ila kubadili sindano pekee hakutoshi, kwa sababu blanketi zima la kroshia nalo litakushinda. Likifika nusu litakuwa zito, litakufunika mapajani kwenye joto lile, na pindo litafagia sakafu ya gari. Hapo nakurudisha kwa bibi zetu wa pwani. Umewahi kumwona mwanamke akitembea barazani kwa jirani na mkeka nusu mkononi? Anachobeba ni ukili, ule utepe mwembamba uliokunjwa kama gurudumu. Anasuka huku anaongea, akiitwa anauweka, akirudi anauokota palepale. Mkeka wenyewe hushonwa baadaye nyumbani, ukili ukiungwa ubavu kwa ubavu. Hata kofia za mkono za Zanzibar na Lamu hudariziwa vipande viwili, kile cha duara cha juu na ule ukanda wa kuzunguka, kisha vinaunganishwa. Na si kwetu tu. Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskochi, walikuwa wakifuma huku wamebeba mgongoni kikapu cha udongo wa mboji uliokaushwa, ule unaochomwa kama kuni, sindano moja ikiwa imechomekwa kwenye mkanda wa ngozi wenye matundu. Kwenye kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca huko Peru, wanaume hufuma kofia wakitembea, na ufundi wa nguo wa kisiwa hicho ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kofia inaenea kiganjani. Hakuna anayetembea na blanketi.

Kwa hiyo blanketi la mtoto lipasue vipande. Fuma miraba ya sentimita 12, ile inayoanzia katikati kwa kiduara na kutanuka kwa raundi. Ukitaka blanketi la sentimita 84 kwa 96, unahitaji miraba 7 kwa 8, yaani 56. Ukimaliza mmoja asubuhi na mmoja jioni, ni siku 28 za kazi, chini ya mwezi na nusu. Mraba mmoja unaenea kwenye mfuko wa gauni. Ukikosea, umekosea mraba mmoja.

Nisikufiche upande wa pili. Miraba 56 ya rangi moja moja ina mikia 112 ya kuficha, na ukiweka rangi mbili katika kila mraba hesabu inaongezeka maradufu. Kisha kuna kuunganisha, kazi ya mezani ya jioni kadhaa, na hakuna anayeipenda. Wengi nawajua wana mfuko wa miraba chini ya kitanda tangu mtoto yuko tumboni, na mtoto sasa yuko la tatu. Dawa ni kuficha mkia wa kila mraba siku hiyo hiyo kabla hujalala, na kuunga kila unapopata saba.

Sasa upana. Umedhani unahesabu vibaya, lakini hesabu yako huenda ni sahihi kabisa. Ukubwa wa kitanzi unatokana na vitu viwili: unene wa sindano na jinsi vidole vinavyoubana uzi. Sindano haibadiliki, vidole vinabadilika. Ndani ya gari umekaza mabega, umebana viwiko usimchome jirani, mkono una jasho na uzi wa akriliki unanata badala ya kuteleza. Vitanzi vinakuwa vidogo. Jumamosi nyumbani, miguu juu ya stuli na chai pembeni, vinalegea. Pima mwenyewe: weka rula juu ya kazi uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Tuseme sehemu ya nyumbani ina 22 na ya garini ina 25. Vitanzi vyako 180 vinatoa karibu sentimita 82 nyumbani na 72 garini. Sentimita kumi nzima, na hujakosea hata kitanzi kimoja!

Dawa yake ni kuacha kuchanganya. Kazi ya gari iwe ya gari, ya nyumbani iwe ya nyumbani. Ukilazimika kuchanganya, tumia sindano namba 4 nyumbani na 4.5 garini, kisha linganisha mraba kwa mraba. Kwa jasho, sindano ya kroshia ya alumini inateleza vizuri kuliko ya plastiki, na weka kipande cha kanga mapajani cha kufutia mikono. Kanga hiyo itakusaidia pia na uchafu. Garini usifume uzi mweupe hata kama ni wa mtoto. Chukua rangi zisizoonyesha vumbi haraka, kisha fua blanketi zima kwa sabuni ya kawaida kabla ya kulifunga. Usilipige pasi ya moto kama ni akriliki. Uzi unayeyuka kidogo, unalala bapa na hauinuki tena.

Kuhusu donge linalokimbia, siri ni moja na ingeniokoa Mombo. Ukivuta uzi kutoka nje ya donge, donge lazima lizunguke ndipo uzi utoke, na kinachozunguka kinabingirika. Ukivuta kutoka ndani, donge linatulia. Lizungushe hivi: acha mkia wa shubiri moja uning'inie kiganjani, simamisha kidole gumba, zungushia uzi gumba hilo huku ukigeuza donge kidogo kidogo, bila kukaza. Ukimaliza, chomoa gumba, na ule mkia wa katikati ndio utakaofumia. Usikaze, nasisitiza, maana uzi uliokazwa kwenye donge unavutika, na nguo ikifuliwa inajirudi. Kisha weka donge kwenye kopo dogo lenye kifuniko, toboa kifuniko kwa msumari wa moto ili tundu liwe laini, pitisha uzi. Zamani tulitumia mfuko wa rambo. Tangu Juni 2019 hiyo imepigwa marufuku Tanzania, na kusema kweli haikuwa nzuri, ilipiga kelele na kutoboka.

Kuna sehemu ambazo sitaki kukusikia ukifuma. Ukiwa umesimama kwenye gari, hapana. Sindano ndefu ya chuma na dereva anayekanyaga breki ghafla ni mambo mawili yasiyopaswa kukutana karibu na macho ya mtu, hasa mtoto aliyepakatwa kiti cha pembeni. Sindano ya kroshia ni fupi, kama sentimita 15, na kichwa chake ni butu, lakini hata hiyo ni ya kukaa. Bodaboda sina haja ya kukuambia, uzi na mnyororo unaozunguka. Na kama unapata kichefuchefu, si kwamba kufuma kunakudhuru. Macho yanaangalia kitu kilichotulia mapajani huku sikio la ndani linaambia ubongo kwamba mwili unatikiswa, na ubongo unachanganyikiwa. Inua macho, tazama mbali mbele kupitia kioo, na chagua mshono ambao vidole vinaujua bila kutazama. Ukishalazimika kukodoa macho, hiyo tena ni kazi ya kochi. Ukisafiri Dodoma siku moja, jaribu treni ya SGR. Haina matuta.

Suala la kikao ofisini ni gumu zaidi kuliko sindano, na hapo sikubaliani na mwenzako moja kwa moja, wala na wewe. Kwamba anayefuma hasikilizi, si kweli kwa kazi nyepesi. Mtafiti wa Uingereza, Jackie Andrade, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu wenye kuchosha, nusu yao wakipaka rangi vimaumbo karatasini, na hao waliokuwa wakipaka wakakumbuka taarifa kwa asilimia 29 zaidi. Hiyo ni penseli, si kroshia, kwa hiyo usiende kuisoma mbele ya bosi kama ushahidi. Lakini wafumaji wengi watakuambia vivyo hivyo: mikono ikiwa na kazi isiyohesabiwa, masikio yanatulia. Maua yako ya kuhesabu ni jambo jingine, hayo yanakula kichwa chote, na mwenzako ana haki.

Tena heshima si suala la utafiti. Mkubwa akikuona umeinamisha kichwa anapoongea, anasoma anachosoma. Muulize kabla: "Naomba kushika kazi ya mkono tukiwa kikaoni, inanisaidia kusikiliza." Akikubali, inua macho mara kwa mara na andika maazimio kama wengine. Akikataa, weka mkobani, usinune. Kliniki na mama fuma kwa raha, foleni ile inaitaka kazi hasa, ila umpe sikio, mara nyingi mgonjwa huanza kusema yanayomsumbua mkono wako ukiwa na shughuli. Msibani, angalia wenyeji wa msiba wanafanya nini. Kwenye ibada mimi sifumi, na usiniulize sababu.

Sasa ndege. Uliyeambiwa naye anasimulia habari za zamani. Baada ya Septemba 2001 sehemu nyingi zilikataza, na hofu ikabaki midomoni. Leo orodha ya serikali ya Uingereza inaruhusu sindano za kufumia kwenye begi la mkononi, na mamlaka ya usalama wa usafiri wa Marekani vilevile. Mkasi ndio wa kuangalia. Uingereza makali yake yasizidi sentimita 6, na Marekani yasizidi inchi 4 kutoka kwenye msumari wa katikati. Kile kidude cha duara cha kukatia uzi kinachovaliwa shingoni, chenye wembe ndani, Marekani hawakitaki kwenye begi la mkononi kabisa. Acha vyote, beba kikata kucha.

Lakini orodha ni orodha, na anayeamua mwisho ni ofisa aliyesimama mbele yako, katika kila uwanja utakaopitia, hata ule wa kubadilishia ndege. Wewe utapita zaidi ya mmoja. Basi beba sindano ya kroshia ya mianzi au plastiki ambayo hutalia ikichukuliwa. Sindano zako za chuma weka kwenye begi la chini. Na usifike ukaguzini na kazi ya sindano mbili isiyolindwa. Kabla ya safari chukua sindano butu yenye uzi wa pamba wa rangi tofauti, upitishe ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja, uache mikia pande zote mbili. Wakikuchukulia sindano, kazi itafumuka mpaka kwenye uzi huo tu. Hata nyumbani fanya hivyo kila mistari kumi ya maua. Ungekuwa nao siku ya mlango wa daladala, barua hii ingekuwa fupi.

Limebaki la ganzi, na hapa naomba uache utani. Mimi ni mwalimu wa kufuma, si daktari, lakini nimeliona kwa wanafunzi na nimelipitia. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ya mifupa na utepe mgumu, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Ukikunja kifundo kwa muda mrefu, kama unavyofanya ukibana viwiko garini, nafasi inapungua na mshipa unabanwa. Angalia ni vidole gani. Kikiwa gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, na usiku unaamka ukikung'uta mkono, ni dalili ya mshipa huo. Pumzika kabisa wiki mbili, ndiyo, hata miraba isubiri. Ukirudi, fuma dakika 20 uache, kifundo kikiwa kimenyooka, na shika sindano ya kroshia iliyozungushiwa kitambaa iwe nene, maana kubana kitu chembamba kunachosha zaidi.

Usisubiri wiki mbili ziishe kama ganzi inakaa hata mchana, vikombe vinakuponyoka, au nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea. Vivyo hivyo ukiwa mjamzito au una kisukari au tatizo la tezi ya shingo, maana hali hizo huleta tatizo lilelile hata kwa asiyefuma. Nenda hospitali, waambie kazi ya mikono unayofanya na saa ngapi kwa siku. Usikubali kukandwa kwa nguvu wala kuchomwa sindano mtaani.

Mwisho, blanketi lenye vitanzi vilivyofumuka. Usilivute na usilikung'ute kuona limeharibika kiasi gani. Lilaze mezani. Kila kitanzi kilicho wazi kichomeke pini ya nepi, au pitisha uzi wa rangi nyingine ndani yake. Sehemu isiyo na maua unaweza kuipandisha mwenyewe: ingiza ndoano ya kroshia kwenye kitanzi cha chini kutoka mbele, shika kijiti cha ngazi kilicho juu yake, kivute kipite ndani ya kitanzi, na sasa hicho ndicho kitanzi chako kipya. Panda hivyo kijiti kwa kijiti hadi juu. Zikifika sehemu za maua, simama. Maua yamepishana vitanzi, na ukiyapandisha kwa kubahatisha utatengeneza kosa jipya juu ya lile la zamani. Likunje na pini zake ndani ya shuka, limpelekee fundi wa kufuma akalione kwa macho, kwa sababu kwenye picha ya simu vitanzi hivyo havionekani.

Na ukiwa kwake, mwambie akupimie namba ya sindano zako za chuma. Nina wasiwasi hazilingani.